Sahani ya Msafiri wa Zohali

Juzi nilikuwa jikoni, hapa kwetu Gasenyi, nachambua maharage, binti yangu wa kwanza akaingia mbio na telefone mkononi. "Maman, sikia! Wachina wanapanga kutuma chombo Mushtarii, na kingine kipite mpaka Uranusi!" Binti huyu ndiye aliyepata bursi, ufadhili wa kwenda kusoma China. Mwezi ujao anapanda ndege, na kila habari ya huko siku hizi ni yake. "Lakini kitakaa njiani miaka mingi," akaongeza. Mimi nikaguna tu. Ghafla nikasikia harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na nyumbani siku hiyo hapakuwa na ndagala hata mmoja.

Harufu hiyo ni ya uani kwa bibi yangu, mtaa wa Jabe. Twende basi, nikupeleke. Milango mitatu, bomba moja, na makelele ya jirani yetu wa mlango wa pili, fundi magari aliyegonga mabati tangu asubuhi, utadhani anadaiwa na nyundo. Bibi alikaanga mandazi ya kuuza sokoni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchambua ndagala, niwatoe mchanga, na kuanika mawe ya radio. Betri, ndizo tulizoziita mawe. Zikichoka tulizipanga juani juu ya bati, zikiota jua vizuri zinapata nguvu ya jioni moja zaidi. Nilizigeuza kama mtu anayegeuza samaki, na ole wangu mvua inikute nacheza.

Radio yenyewe ilikuwa ya jirani. Miaka ile ilikuwa ya vita, giza likiingia kila mtu alikuwa ndani ya ua wake, kwa hiyo baada ya maghribi aliileta kwetu, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitafutia Kiswahili cha nchi za mbali.

Ndio msimu baba yangu alipoondoka. Mama alikuwa ameshafariki. Baba akapanda meli ya mizigo kwenda Zambia kutafuta maisha, akaapa kwamba akifika tu ataleta habari, akaniacha kwa bibi. Siku chache baadaye radio ikasema Wamarekani wamerusha chombo kwenda Zohali, ile sayari yenye pete, nacho kitasafiri miaka saba. Bibi akaacha kusonga ugali, mwiko ukabaki juu.

"Miaka saba njiani! Sasa nani anamupikia?"

Lazima uelewe jambo moja. Kwa bibi, msafiri hakuondolewa kwenye chakula. Kila jioni alianza kwa kutenga sahani ya baba, ugali na ndagala, akaifunika kwa kawa, akainua mikono na kusoma dua ya safari. Tangu jioni ile dua ikawa ya wawili, mwanawe aliye Zambia na kile chombo cha watu. Jirani alicheka mpaka akakohoa. "Bibi, kile ni chuma!"

"Na magari yako je, si chuma? Mbona yanalala barabarani kila siku?"

Jirani akashughulika na radio yake.

Basi tukaanza kufuatilia mipango ya Wamarekani kama watu wanaofuatilia harusi ya ndugu. Radio haikutaja chombo mara nyingi, lakini ikitaja, uani kimya. Tulisikia kwamba kimebeba chombo kidogo kitakachoshushwa kwenye mwezi mmoja wa Zohali. Bibi akapiga makofi. "Ah! Ameweka mutoto mugongoni!" Tuliposikia kwamba Zohali ina miezi mingi sana, alihangaika kweli. "Wa kule wanafunga Ramadhani kwa mwezi gani? Masikini, si watafunga mwaka muzima!"

Mimi nilicheka na wenzangu, lakini yule mtoto wa mgongoni nilimwonea wivu, tena wivu mbaya. Chombo kimebeba mwanawe mpaka Zohali, baba yangu ameshindwa kunibeba mpaka Zambia! Nikajiamulia moyoni, bila kumwambia mtu, kwamba hawa wasafiri wawili watafika pamoja. Jioni ile ile radio itasema chombo kimefika, na habari za baba zitakuja. Ndiyo maana niliyaanika yale mawe kwa bidii ile, bibi akidhani nina adabu.

Na kikafika. Nilikuwa nimeshaingia sekondari. Sauti ya radio ilikuwa imechoka, ikaja ikapotea, ikarudi, ikasema chombo kinaizunguka Zohali na kimeleta habari. Jirani, Mkristo yule, akapiga "Alleluia!" na bibi akajibu "Alhamdulillahi!" Bibi akawasha moto tena, akakaanga mandazi jioni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akagawia milango yote bure.

Watu walipoondoka nikauliza. "Bibi, chombo kimefika. Na baba?"

Bibi alikuwa na jibu la kila kitu, hata la Ramadhani ya Zohali. Safari hii akasogeza kuni motoni. "Mi sijui, mwanangu." Kisha akafunua sahani ya baba, akaisukuma mbele yangu. "Kula we. Akikuja, nitamupikia ingine."

Nilikula huku nalia, naye akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake chenye unga. Tangu siku hiyo sahani ile ikawa yangu.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Jirani alihama, sijui yuko wapi. Ua ule sasa ni ghorofa la kuuza matelefone, na sijaona tena mtu anayeanika mawe ya radio. Kile chombo nacho, nilikuja kusikia, kiliizunguka Zohali miaka mingi mpaka mafuta yakakaribia kuisha, wenyewe wakakielekeza kizame humo humo kwenye sayari, nacho kikazama kikiwa bado kinatuma habari. Bibi angesema huyo amelelewa vizuri. Baba yangu, mpaka leo, kimya. Nina hasira naye, sikufichi, na siku akibisha hodi nitamkimbilia.

Haya yote nilimweleza binti yangu pale pale jikoni, maharage yamenilalia mapajani. Akanikumbatia. "Maman, mi nitakupigia kila siku. Naapa!"

"Baba yangu pia aliapa."

Jioni tulipopakua, nikamwona anachukua sahani ya ziada, anaijaza wali na maharage, anaifunika na kuiweka pembeni.

"Hiyo ya nani?"

"Yangu. Uanze kuzoea."

Nikaifunua, nikaisukuma mbele yake. "Apana. Leo bado uko hapa," nikamwambia. "Kula."