Chumba cha Mtani

Redio za zamani hazikuwa zikisema mara moja. Ukiwasha moja, inakaa kimya kwanza, taa zake za ndani zinashika moto polepole, halafu sauti inatoka mbali na kukaribia. Nikiikumbuka miaka yangu ya mwanzo Dar es Salaam, hunijia namna hiyo hiyo. Kwanza joto, kisha mwanga wa rangi ya chungwa, halafu sauti ya mwanamke akinitukana.

Nilikuwa kijana wa Kingoni kutoka Unyasa, nchi ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuitwa Malawi. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza redio Blantyre, nikasikia kwamba Tanzania mafundi wanatakiwa, maana kila kijiji kilitaka redio kisikie mambo ya nchi mpya. Nikadandia malori mpaka Mbeya, na kutoka Mbeya mpaka pwani, nikiwa na mkoba wa bisibisi na chuma cha kulehemu. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza njiani.

Chang'ombe kulikuwa na karakana ya redio. Fundi mkuu wake, mtu mfupi aliyependa kusikiliza akiwa amefumba macho, alinipa redio moja iliyokufa. Nikaifufua mbele yake. Akafumbua macho, akasema, "Mkono wako nimeukubali. Lakini wewe mgeni. Mjumbe wa nyumba kumi aje aniambie unalala wapi, ndipo uanze."

Siku zile kila nyumba kumi zilikuwa na mjumbe wake, na mgeni asiyejulikana na mjumbe alikuwa nusu mtu. Nikazunguka Temeke nzima. Wajumbe walinijibu kwa upole kwamba hawawezi kumjua mtu asiye na mlango. Wenye milango nao waliniuliza nafanya kazi wapi. Bila chumba sina kazi, bila kazi sina chumba. Usiku nililala msikitini au kwenye baraza ya mtu, nikijiona narudi kwetu na bisibisi zangu, nachekwa.

Mjumbe mmoja akanihurumia. Akanipeleka kwa jirani yake, mjane wa Kiyao kutoka Masasi, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa kambini akijenga taifa. Tulimkuta ukumbini akipepeta mchele.

"Kabila gani?" aliuliza bila kuinua uso.

"Mngoni, mama."

Ungo ukasimama. "Mngoni! Nyie si ndio mliokuja Masasi mkachoma nyumba ya babu yangu, mkaondoka na mbuzi wake? Leo mjukuu wenu anakuja kwangu kuomba pa kulala?"

Mjumbe alicheka mpaka akajishikiza ukutani. Mimi nikarudi hatua moja. Yule mama akasimama, akafungua mlango wa chumba cha uani. "Ingia, mtumwa wangu. Lakini wa muda tu. Mwanangu akirudi, unatoka na mkeka wako."

Kesho yake mjumbe alikwenda Chang'ombe kusema ananijua, na nikaanza kazi.

Chumba kile ninakiona hata sasa. Kilikuwa na dirisha moja dogo la mbao, na asubuhi mwanga uliingia pamoja na moshi wa jiko la mkaa na harufu ya maandazi, ukatua juu ya redio mbovu nilizokuja nazo nyumbani kutoka karakanani. Nililala nikisikia mnazi wa jirani ukichakarika, nikiota niko ziwani kwetu, nikiamka sijui niko nchi gani. Nilikuwa na furaha ya ajabu, na hofu ikikaa ndani yake. Ningetolewa, mjumbe asingenijua tena, na kazi ingekwenda na maji.

Hofu hiyo mama yule aliilisha kila siku. Nikimwambia "Shikamoo," anajibu, "Shikamoo ya Mngoni siipokei, nirudishie kwanza mbuzi wa babu." Nikinunua samaki, anachukua kipande cha katikati, ananiachia kichwa. Wageni wakija, anawaambia, "Huyu nimemteka." Mimi nainamisha kichwa, nasema ndiyo mama, samahani mama. Na kadiri nilivyoomba samahani, ndivyo uso wake ulivyozidi kupoa. Nilidhani ananichukia. Chuki gani hii, nilijiuliza, inayodumu tangu enzi za babu? Halafu jioni nakuta ameniwekea chakula, amekifunika na sahani.

Siku moja nikarudi kutoka kazini, nikakuta vitu vyangu vyote uani. Mkeka, shati langu la Jumapili, redio zangu mbili. Yeye amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Toka, Mngoni! Mwenye chumba anarudi kesho. Nenda kateke kwingine!"

Majirani walikuwa wamekaa wakitazama, meno nje. Nikachukua mkoba wa bisibisi tu, nikasema, "Asante kwa yote, mama," nikaondoka. Sikugeuka. Kama ningegeuka, nadhani ningeona lile ambalo majirani walinisimulia baadaye, jinsi alivyoshusha mikono yake.

Nililala karakanani, katikati ya masanduku ya redio. Asubuhi nikamwambia fundi mkuu kwamba sina tena mlango, na kwa hiyo najua sina kazi. Akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza yote, tangu mbuzi mpaka mkeka. Alikuwa amefumba macho kama kawaida yake, nikaona mabega yanatikisika.

"Myao na Mngoni!" akasema. "We bwana, huyo ni mtani wako! Huko kwenu hamna utani? Babu zenu walipigana, wajukuu mnataniana. Anakutukana, unamtukana. Anakula samaki wako, unakula kuku wake. Hakuna anayekasirika. Sasa wewe umemwomba samahani miezi yote hiyo?"

"Ndiyo."

Akaacha kucheka. "Basi umemwumiza sana. Mtani asiyejibu amekukataa."

Nilitembea kutoka Chang'ombe mpaka Temeke kwenye manyunyu, na njia nzima nilikuwa nikijipanga maneno. Mle uani vitu vyangu vilikuwa pale pale. Juu yake alikuwa ametandika khanga zake mbili, zimelowa chapachapa, chini redio zangu kavu. Yeye amekaa ukumbini, ungo mapajani, hapepeti. Hakunitazama.

Nikapita mbele yake bila shikamoo, nikamkamata jogoo wake mwekundu, nikamweka kwapani.

"Huyu babu yangu alimsahau," nikasema. "Nimekuja kumalizia. Na chumba nimekiteka. Mwanao atalala mkekani."

Jogoo akapiga kelele. Kisha yule mama akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa upindo wa khanga na yakazidi kutoka.

"Mwizi we," alisema. "Umechelewa sana kuniteka."

Mwanawe alirudi, tukalala chumba kimoja, na katika chumba hicho cha muda nikakaa mpaka nilipooa. Hata nilipohamia Kimara niliendelea kwenda kutukanwa. Kwa miaka yote hiyo hakuipokea shikamoo yangu hata mara moja. Mbuzi, mbuzi, mbuzi.

Kisha akaugua. Nilimkuta kitandani, mdogo kuliko nilivyomzoea, dirisha limefunguliwa nusu.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikangoja tusi langu.

"Marahaba, mwanangu."

Nilitoka uani nikalia, kwa sababu nilijua ananiaga.

Siku ya mazishi waliuliza watani wako wapi, maana msibani mtani ndiye humwiga marehemu na kuwachekesha wafiwa. Nikavaa kandambili zake, nikajifunga khanga yake kichwani, nikajilaza kwenye kizingiti cha ule ukumbi wakati jeneza linainuliwa. "Hatoki mtu hapa!" nikapiga kelele. "Myao huyu ni mtumwa wangu, chumba chake nimeshakiteka, anakwenda kulala wapi?" Waombolezaji wakacheka, kama inavyotakiwa. Nilitaka kuongeza neno la mbuzi, nikashindwa. Mwanawe akainama, akanishika bega.

"Mtani," akasema, "tupishe."

Nikaendelea kulala pale kidogo, kisha nikasimama.