Paipu ya Breki Iliyopigiwa Kura

Walikuwapo mwenyekiti wa kijiji, katibu wake, fundi, dereva, na mimi niliyefika Mpuguso kuomba lifti ya Tukuyu. Gari kuukuu lililoachwa na Mwingereza lilikuwa juu ya mawe, paipu yake ya breki imeliwa na kutu.

"Tungoje ya chuma kutoka Mbeya," fundi alisema.

Katibu aliinua paipu ya shaba, iliyong'olewa kwenye mtambo wa gongo uliokamatwa. "Hii tayari ni mali ya umma."

"Ndugu Katibu, hiyo imezoea mvuke wa pombe. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, itapasuka."

"Anayengoja chuma anachelewesha maendeleo. Wanaounga mkono shaba?"

Mwenyekiti alinyoosha mkono. Dereva alimtazama fundi, akamtazama katibu, kisha akaunyoosha wake taratibu. "Ndaga, ndugu zangu," alisema, akishukuru kwa Kinyakyusa. "Mimi nisiitwe mpinzani."

Fundi alishindwa kwa kura, akaifunga paipu. Nilishukuru kwa lifti, nikaenda kwa miguu.

Tumepiga hatua kubwa: siku hizi hata breki huamuliwa na wengi. Mteremko pekee haukualikwa mkutanoni.

Dereva alifariki Jumatano.