Niliandika Hapana

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuwauliza watu jinsi wanavyomeza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasoma kozi fupi ya afya ya jamii, nikakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikaajiriwa na daktari mmoja aliyekuwa akifanya utafiti Machakos. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka magharibi mwa nchi, mpole wa sauti, mkali wa makaratasi. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Ukutani alikuwa amebandika picha kubwa ya umio, ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni.

"Kansa ya hapa huja kimya," alituambia siku ya kwanza, akigusa picha ile kwa kalamu. "Wengi wanafika kwetu wakati hata uji haupiti. Nataka kujua inampata nani na kwa nini."

Kwa kila mgonjwa tuliyemhoji, tulitafuta mtu mwingine asiye na ugonjwa, wa umri uleule na kata ileile, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Tulimwuliza maswali yaleyale: anakula nini, ananusa ugoro au la, anakunywa pombe gani, chai yake huwa moto kiasi gani. Majibu ya wawili hao ndiyo yangelinganishwa. Huyo mwenye afya tulimwita mwenza. Tulipewa pia kadi za buluu. Mtu yeyote aliyesema chakula kinamkwama, hata mara mojamoja, hakufaa kuwa mwenza. Alipaswa kupewa kadi aje Machakos aangaliwe kwa kamera, bila malipo.

Wagonjwa ndio walionifundisha ugonjwa wenyewe. Namkumbuka mzee mmoja Msomali, mfanyabiashara wa mbuzi pale Kithyoko. Alinipa kiti chake, akamwambia mkewe aniletee chai, kisha akaniomba radhi kwamba hataweza kunywa nami.

"Kwanza ilikuwa nyama," alisema. "Nikasema ni meno. Halafu chapati. Halafu wali. Sasa ni maziwa tu, na hayo nayanywa nikiwa nimesimama, yashuke."

Baada yake niliusikia mpangilio huohuo kwa wengi, kila mmoja kwa chakula cha kwao. Nyama kwanza, ugali ukafuata, kisha uji, mwisho maji. Nasema haya mapema ili asiwepo wa kunitetea kwamba sikujua.

Mwaka wa pili tulipata mgonjwa kutoka Muthetheni, mama wa miaka sitini na kitu. Nikatumwa kumtafutia mwenza. Nilitembea siku mbili. Mama wa kwanza alikataa kuhojiwa bila mumewe. Wa pili alikuwa amesafiri. Wa tatu alisema chakula humkwama, nikampa kadi, nikaendelea. Siku ya pili ilikuwa Ijumaa, na gari la ofisi lingenichukua sokoni saa tisa. Saa nane nilikuwa bado na fomu tupu na malengelenge miguuni, nami nilikuwa nimesimama kwenye njia inayoelekea kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Nyumbani kwake ndiko nilikokaa miaka minne ya sekondari, nikilala kitanda kimoja na binti yake, ambaye wakati huo wa utafiti alikuwa ameshaenda kufanya kazi kiwandani Mavoko. Shangazi ndiye aliyeninunulia sanduku la shule. Umri wake ulilingana na wa mgonjwa, tofauti ilikuwa mwaka mmoja tu. Hakuna aliyewahi kuniambia nisiwahoji jamaa zangu, nami sikuwahi kuuliza.

Alifurahi kuniona na fomu. Alipangusa meza kwa kitenge, akaketi wima kama anayepigwa picha. Tulipofika sehemu ya chai, nilimwomba amimine kama anavyomimina siku zote, nikatia kipimajoto kikombeni.

"Hii chai nayo iko na homa?" aliuliza.

"Tunapima, shangazi. Ikifika pale unapoipenda wewe, niambie."

"Iko tayari."

"Haijapoa hata kidogo."

"Nisubiri ipoe ya nini? Ikipoa ni maji ya kuoshea vyombo." Akachukua kikombe, akanywa funda kubwa mvuke ukimpanda usoni. Nilicheka hadi nikakosea kuandika namba.

Swali la kukwamwa na chakula lilikuwa karibu na mwisho. Nililisoma haraka. Yeye hakujibu haraka.

"Nyama nimeacha," alisema. "Haya meno. Na ugali wa juzi ulisimama hapa kidogo, nikaushusha na maji." Akagusa kifua, chini kidogo ya koo.

"Ni mara ngapi?"

"Ni ule ugali tu. Ulikuwa mkavu."

"Kwa hivyo niandike kwamba hukwama?"

"Ukiandika hivyo, itakuwaje?"

"Utatoka kwenye utafiti. Halafu nikupe kadi uende Machakos, waangalie ndani kwa kamera."

"Niache ndengu shambani niende kumeza kamera?" Alinipiga kofi la utani begani. "Andika hapana, mwanangu. Mimi ni mzima. Umetembea sana."

Niliangalia saa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Nikaandika hapana. Kadi za buluu zilikuwa ndani ya mkoba, chini ya chupa ya maji, na sikuutia mkono mle. Nilimwachia mche wa sabuni tuliokuwa tukiwapa wote waliohojiwa, nikashuka sokoni nikikimbia, na kwenye gari nilisinzia kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Masinga. Kwa miezi kadhaa sikufika Muthetheni. Shangazi nilimwona tena Desemba, jamaa walipokutana nyumbani kwetu. Mbuzi alikuwa amechinjwa na kila mtu ana sahani. Yeye alikuwa jikoni, amegeukia ukuta, anakunywa uji kwa kijiko. Gauni lake la kanisani lilimning'inia mabegani kana kwamba ameliazima.

"Shangazi, nyama je?"

"Nimeshiba."

"Na ugali?"

Aliweka kijiko chini, akanitazama, na nikaona kwamba alikuwa akiogopa kwa muda mrefu peke yake.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Machakos kuangaliwa kwa kamera. Daktari wangu alipomaliza alitoka nje, akaketi kwenye benchi karibu nami, akasema njia ilikuwa imeziba karibu yote, na kwa alivyoona, upasuaji haungefaa tena. Kilichobaki ni kumpeleka Nairobi, kwenye hospitali ambako wangepitisha mrija wa waya laini ndani ya umio ili chakula kipate pa kupita. Mrija huo hauponyi, alisema. Humsaidia mgonjwa kula.

Binti yake alikuja Nairobi moja kwa moja kutoka kwenye zamu, bado amevaa koti la kiwandani. Tulisimama kwenye ukumbi huku mama yake akiwa ndani.

"Nilimwambia tangu Pasaka aende hospitali," aliniambia. "Nilimwona akikohoa kwenye chakula. Unajua alinijibu nini? 'Msichana wetu alinipima na watu wa Machakos, nikaonekana mzima. Waliniweka kwenye kitabu cha wazima.' Basi nikatulia. Nikajua wewe uko pale."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama anayesimulia bahati mbaya iliyotupata sote, kisha akanishika mkono. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nilimwuliza kama amekula, nikaenda kumnunulia maandazi.

Kwa daktari nilikwenda kusema Jumatatu. Nilisimama mlangoni, nikamweleza yote: ugali, kifua, saa, kadi. Alitoa fomu ya shangazi kwenye faili, akaisoma ukurasa kwa ukurasa, akapiga mstari wa wino mwekundu juu yake na kutia sahihi.

"Wengine wangapi?" aliuliza.

"Ni huyu tu."

"Nitazirudia zako zote."

"Sawa, daktari." Nikashindwa kuondoka. "Angeletwa siku ile, angepona?"

"Sijui," alisema. "Ningekuwa najua, ningekuambia." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Lakini tungeangalia."

Kwa wiki zote zilizofuata alituma mtu nyuma yangu kurudia mahojiano niliyofanya. Hakunifukuza. Nadhani ingekuwa rahisi kwangu kama angenifukuza.

Ule mrija ulimpa shangazi majuma machache mazuri. Tuliinua kichwa cha kitanda kwa matofali, kwa sababu akilala chali chakula kilipanda. Alikula viazi vilivyopondwa, mayai, supu ya ndengu, kidogo kidogo na maji katikati. Aliongezeka uzito, akaanza tena kugombana na majirani juu ya kuku. Nilikwenda kila Jumapili, na kila Jumapili nilitoka nyumbani nikiwa nimepanga maneno. Siku moja yeye mwenyewe aliniuliza, "Ile kazi yenu, mlishapata jibu?"

"Bado, shangazi. Tunatafuta."

"Tafuteni," alisema. "Mimi nilishawajibu yote."

Sijui alimaanisha nini. Huenda hakumaanisha chochote. Alifariki kabla ya mvua, akiwa usingizini, na sikuwa nimemwambia.

Utafiti ulipomalizika, daktari alishikilia kwamba lazima turudi kila kata tuliyohoji watu, tuwaeleze tulichojifunza. Muthetheni tulikutana kwenye uwanja wa chifu. Alizungumza Kiswahili, nami nikatafsiri kwa Kikamba kwa ajili ya wazee. Alisema chai ya moto sana inashukiwa, tumbaku na pombe pia, na kwamba bado kuna mengi watafiti wasiyoyajua. Lakini jambo moja alilisema mara tatu: chakula kikikwama, hata kama ni mara moja, usingoje.

Binamu yangu, yule binti wa shangazi, alikuwa amekuja siku yake ya mapumziko. Alisimama katikati ya watu na kuuliza kwa Kikamba, kwa heshima kabisa, "Mama yangu alikuwa kwenye utafiti huu. Alihesabiwa kati ya wazima, na baada ya miezi michache akawa mgonjwa wa kufa. Mlikosea wapi?"

Daktari alinigeukia nimtafsirie. Watu wote wakanitazama. Nikajibu mimi mwenyewe, kwa Kikamba, bila kumtafsiria daktari kitu. Nikasema, "Ugonjwa huu hujificha. Hata ukiangaliwa, unaweza usionekane."

Binamu yangu alitikisa kichwa kukubali, akaketi. Daktari aliniuliza swali lilihusu nini. Nikamwambia ni mama mmoja aliyekuwa anashukuru.

Miaka sita ilipita. Nilipata kazi nyingine, nikaolewa, nikazaa. Yule binamu alikuwa akinipigia simu kila wiki, akiniita mdogo wangu, akinitumia nguo za watoto. Kadiri alivyozidi kunipenda ndivyo nilivyozidi kushindwa kukaa naye. Jumamosi moja nilikwenda Mavoko, nikamngoja getini zamu ilipotoka. Tuliketi kwenye kibanda cha chakula ng'ambo ya barabara na nikamwambia, nikianzia kwenye malengelenge ya miguu na kuishia uwanjani kwa chifu.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Niliposema kwamba mama yake ndiye aliyeniambia niandike hapana, aliinua mkono kidogo, nikaelewa kwamba hilo hataki kulisikia tena.

"Ulikuwa umechoka," alisema hatimaye. "Mama naye alikuwa mbishi. Hilo naweza kulibeba." Akasogeza kikombe chake pembeni. "Lakini siku ile ya mkutano hukuwa umechoka. Nilikuuliza mbele ya watu. Uliwaambia watu wote wale kwamba hata ukiangaliwa huonekani na ugonjwa. Nani angehangaika kwenda?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Kwa miaka sita nilikuwa nimejilaumu kwa mtu mmoja tu.

"Nifanye nini?" nilimwuliza.

"Rudi ukawaambie."

Nilirudi. Katekista alinipa dakika chache baada ya ibada, nikasimama mbele ya watu, wengine wao wazee waliokuwa uwanjani siku ile, na wengine waliokuwepo siku ile hawakuwepo tena. Niliwaambia kwamba mama yule alikuwa amesema chakula kinamkwama, na kwamba mimi ndiye niliyeandika hakikwami. Nikawaambia kamera ingeweza kuona. Mzee mmoja aliuliza kama kadi zile bado zinatolewa. Nikamjibu kwamba hazitolewi tena, utafiti uliisha, lakini aende hospitali tu, asingoje.

Binamu yangu hakuja siku hiyo, ingawa nilikuwa nimempigia simu kumwambia. Siku hizi tukikutana kwenye mazishi au harusi, hunipa mkono, huniuliza habari za watoto, kisha huenda kuketi upande mwingine. Hajaniita mdogo wangu tena, nami sijamwomba.