Mlango wa Pikapu ya Fundi Jaku

Fundi Jaku wa Vikokotoni alichonga milango ya watu mpaka kidole gumba kikapinda, lakini nyumba yake mwenyewe ilizibwa mlangoni kwa mabati ya madebe. Mfinyanzi hulia gaeni, tukasema majirani, tukanyamaza. Mkewe, Bi Kazija, hakunyamaza. Babake alimwachia mbao za msaji, na Jaku alimwahidi mlango tangu mwaka wa harusi.

Kisha Jaku akapata pikapu kuukuu ya Ford, iliyokuwa ikitagiwa na kuku kule Bububu. Ikampagawisha. Akaifumua injini, akaipaka rangi ya kijani, akaijengea nyuma kibanda cha mbao, apate kuiuza kwa bei. Alipofika pa kukifunga kibanda, mtu mzima na akili zake, alichukua msaji wa mkewe akachonga mlango wa mbawa mbili, wenye maua na misumari ya shaba.

Bi Kazija alizifunga nguo zake ndani ya kanga. "Ukiuza gari na mlango wangu," akasema, "nnakwenda kwetu Matemwe."

Jaku alidhani mzaha. Sisi tulijua si mzaha.

Mnunuzi alikuja Ijumaa, Saud, mfanyabiashara wa nazi za Bwejuu. Aliiendesha mpaka Darajani, akarudi anacheka kwa raha. Kisha akaujaribu ule mlango, akausukuma kwa bega.

"Gari nnaitaka, fundi. Huu mlango sitaki, mzito."

Jaku akafura. "Bila ya mlango siuzi."

"Nazi zangu hazina macho ya kutazama maua, sheikh."

Tulicheka sote isipokuwa Jaku. Saud akaaga, akashika njia. Wakati huohuo Bi Kazija akatoka, furushi kichwani, naye akashika yake. Jaku aliwatazama wote wawili wakimpa kisogo, na kiburi kikamtoka usoni.

"Sheikh Saud, ngoja," akaita. "Nnaleta nyundo. Na wewe, Kazija, rudi."

Alasiri pikapu ilikwenda Bwejuu, nyuma imetundikwa gunia. Kesho yake mlango ulikaa nyumbani, ukaenea. Bi Kazija akaingia, akafunga mbawa zote mbili, akatia komeo. Jaku kabaki nje na nyundo yake.

"Nifungulie, mke wangu."

"Watu wenye adabu hupiga hodi."

Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Kwetu mgeni asiyejibiwa hodi tatu huenda zake, na Jaku analijua hilo. Nilimwona akifuta mikono kwenye shuka yake kabla ya kupiga ya tatu, na sauti ilimtoka ndogo, kama ya mposaji.

Komeo likavutwa. "Karibu," akasema Bi Kazija.