Sanamu Niliyodai Kuiona

Niliishi Wuhan miaka minne na sikuwahi kupanda Mnara wa Korongo wa Manjano. Niliuona kila siku dirishani mwa basi, umesimama juu ya kilima chake, nikasema nitakwenda kesho. Nilikuwa msichana wa Kakamega aliyepata ufadhili wa kusomea ufamasia, na siku zangu za mapumziko ziliishia jikoni mwa bweni, tukisonga ugali na wenzangu na kulalamikia baridi. Nyumbani nilituma picha niliyopigwa langoni mwa mnara. Wakadhani niliingia, nami sikuwasahihisha.

Uongo huo mdogo nilikuja nao hadi Minnesota, Marekani. Vyeti vyangu havikunipa kazi ya dawa huku, basi nikaanza kutunza wazee katika nyumba moja Maple Grove, nikiendesha gari kila asubuhi kutoka Brooklyn Park. Huko ndiko nilikompata yeye: mwanamke wa miaka karibu tisini, mzaliwa wa Wuhan, aliyeondoka kwao akiwa msichana, kabla mto haujawekewa daraja, asirudi tena. Macho yake yalikuwa yakiona ukungu tu. Nilipomwamkia kwa Kichina changu cha kubahatisha na kumwita Nyanya kwa lugha yake, aliushika mkono wangu.

"Umewahi kufika kwetu?"

"Nimeishi kwenu, Nyanya."

Tangu siku hiyo, kila nilipomchana nywele, alitaka nimtembeze kwao kwa kumsimulia. Ule mnara uliungua kabla hajazaliwa, ukajengwa upya yeye akiwa ameshaondoka, kwa hiyo hakuwahi kuuona. Nikampandisha ghorofa baada ya ghorofa kwa maneno niliyoyasoma kwenye simu wakati wa chai. Alifurahi, na mimi nikaonja utamu wa kumfurahisha mtu.

Halafu akaniuliza kuhusu Hekalu la Guiyuan. Humo mna ukumbi wenye sanamu mia tano za watakatifu. Unachagua moja, unahesabu kutoka hapo kadiri ya umri wako, na utakayeishia kwake ndiye anayekuambia bahati yako.

"Wewe uliishia kwa nani?"

Nikasema la kwanza lililonijia. "Kwa mmoja anayecheka, amepakata mtoto."

Akaanza kulia. Mama yake, alisema, aliishia kwa huyo huyo, mwaka aliokuwa na mimba yake.

Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Badala yake nilichukua kitambaa nikampangusa machozi.

Wiki iliyofuata mwanawe, mzee mpole anayeishi Blaine, alinisimamisha kwenye korido. Alikuwa akijiandaa kusafiri kwenda China.

"Mama anataka nikamwinamie yule mtakatifu wa nyanya yangu," alisema. "Anasema wewe unajua alipo. Ni upande gani?"

"Kushoto," nikajibu. "Safu ya nyuma."

Akaandika kwenye kijitabu chake, akanishukuru.

Aliporudi alinikuta nikimlisha mama yake uji. "Kushoto sikumwona," alisema. "Nilizunguka siku mbili nzima." Alikuwa amepata watatu wenye watoto, akawapiga picha wote. Akaziweka mezani mbele yetu.

Mama yake akanigeukia. "Mimi sioni. Binti, wewe ulimwona. Ni yupi?"

Nilitazama zile nyuso tatu. Ilikuwa rahisi kunyoosha kidole. Picha yoyote ingemtosha, na angekufa akimwomba mtu asiye wake.

"Sijui, Nyanya. Sikuingia mle hata siku moja. Na ule mnara sikuupanda."

Mwanawe alikusanya picha polepole. "Kwa nini ulimfanyia hivi?"

Jibu nilikuwa nalo, kwamba nilipenda kupendwa, lakini halikuwa jibu la kumpa mtu aliyezunguka siku mbili. Nilitoka na bakuli la uji mkononi. Kesho yake msimamizi aliniambia Nyanya ameomba mtu mwingine wa kumwogesha na kumchana.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa nikipita na shuka safi, akaniita. Picha zote tatu zilikuwa zimebandikwa ukutani. Nikakwepesha macho.

"Keti. Niambie ulichokiona kwa macho yako mwenyewe."

Nikamwambia nilivyozoea kuvuka mto kwa feri kwenda sokoni Hankou, maji ya rangi ya chai ya maziwa, watu wakipanda na pikipiki zao. Nikamwambia juu ya tambi za ufuta tulizokula tumesimama, na saa kubwa ya jengo la forodha.

"Bado inalia?"

"Nilipoondoka ilikuwa inalia, Nyanya."

Kisha akasema asante, kwa adabu, kama anavyomwambia mgeni, akaniomba nifunge mlango nikitoka.