Jicho la Nyar Uriri

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nyumba yetu kule Kisegi ndiyo pekee kijijini iliyokuwa na televisheni, na kila Jumamosi alasiri ilijaa wanaume wenye hasira. Walikuwa watu tuliowajua vizuri, wa nyavu na wa mashamba ya mahindi, wanaosali kanisa moja na kuazimana majembe. Lakini ligi ya Ulaya ikianza walisahau yote hayo. Majina ya timu zenyewe siyataki humu, yamenichosha. Rangi zinatosha. Baba alikuwa Mwekundu, na mdogo wake, Baba Mdogo Otieno, alikuwa Mwekundu. Nami nikawa Mwekundu kabla sijajua timu ina wachezaji wangapi.

Wabuluu tuliwachukia, na sina neno la upole zaidi ya hilo. Kwetu shabiki wa Buluu hakuwa mtu aliyechagua timu nyingine, alikuwa mtu mwenye kasoro. Baba alisema timu yao ilinunuliwa, waamuzi wamenunuliwa, na mashabiki wenyewe wanafuata ushindi kama nzi anavyofuata samaki. Wao nao walitujibu kwamba tunaishi kwa vikombe vya zamani kama mzee anayehadithia ng'ombe waliokwisha kufa. Mwaka ninaousimulia timu hizo mbili zilifukuzana kileleni mpaka wiki za mwisho, na pale sokoni kulikuwa na marafiki wawili ambao hawakuwa wakisalimiana tena. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Ulaya, na wachezaji wale hawakujua kama kuna mahali panapoitwa Kisegi.

Sasa katika boma hilo la Wekundu alikuwako Mbuluu mmoja. Alikuwa mke wa Baba Mdogo Otieno, na kwa kuwa alitoka Uriri tulimwita Nyar Uriri, binti wa Uriri, kama wake wote kwetu wanavyoitwa kwa walikotoka. Kaka yake aliyefariki alikuwa shabiki wa Buluu na alimwachia fulana yake. Nyar Uriri aliivaa akifua, akipalilia, na siku ya mechi. Alikuwa ameolewa miaka mitatu bila kupata mtoto, jambo ambalo halikusemwa mbele yake ila lilisemwa.

Wakati wa mechi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, sinia la omena, dagaa wa ziwani, mapajani, akichambua. Hakushangilia wala hakutukana mtu. Aliangalia tu, kwa macho yake makubwa yaliyotulia, na nadhani utulivu huo ndio uliowachoma wanaume zaidi ya kelele.

Jumamosi moja Wekundu walipata penalti na mpigaji wao akaipaisha juu ya goli. Kisha Baba akageuka, akamwona Nyar Uriri mlangoni.

"Ni huyu!" alisema. "Mpira imeona hiyo jicho yake ikakataa kuingia. Shemeji, kumbe uko na sihoho!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Sihoho ni jicho baya. Wazee wetu wanaamini kwamba kuna watu ambao wakimwangalia mtu akila, chakula kinamganda tumboni, na asipotolewa chakula hicho na mtaalamu atakufa. Lakini sihoho ya mpira hakuna aliyewahi kuisikia, na ndiyo maana ilichekesha. Tangu siku hiyo Wekundu wakipata penalti, nyumba nzima ilimpigia kelele: "Nyar Uriri, ukuta!" Naye aligeuza kigoda, akautazama ukuta, akicheka pia.

"Haya, nimegeuka," alisema. "Pigeni sasa."

Penalti mbili zilizofuata ziliingia. Utani ukaanza kuwa nusu utani. Nilimwona jirani mmoja, mzee wa kanisa, akimgeuzia kigoda mwenyewe hata kabla mpira haujawekwa.

Dani, yaani bibi yangu mzaa baba, hakucheka hata mara moja. Jioni moja wageni walipoondoka aliwaita wanawe wawili.

"Hilo jina mnalompa mke wa mtu halichezewi," aliwaambia. "Leo ni mpira. Siku mtoto akiumwa tumbo hapa, mtalikuta jina pale pale mlipoliacha."

"Mama, si ni mchezo tu," Baba alisema.

"Nimesema," Dani akajibu, akaenda kulala.

Watu wakisimulia maonyo ya bibi zao husimulia miti ya mizimu na njia za kutopita usiku. Bibi yangu alituonya juu yetu wenyewe, na onyo lake lilitimia katika wiki ya mwisho ya ligi, kupitia kwangu.

Ilikuwa Alhamisi. Mama alikuwa amenikataza kabisa kugusa mapera ya jirani, kwa kuwa yalikuwa bado mabichi na hayakuwa yetu. Nilitoka shule, nikapanda mpera, nikajaza sketi. Mdogo wangu Oduor, wa miaka mitano, alinifuata akililia apewe. Niliyakula yale machache yaliyokuwa na dalili ya kuiva, na yaliyo magumu kama mawe nikampa yeye. Jioni tulikula samaki na ugali, na kabla sahani hazijaoshwa Oduor alikuwa chini, amejikunja, analia tumbo.

Baba aliinama juu yake. "Amekula nini?"

"Samaki," nilisema.

"Nani alikuwa anamwangalia akikula?"

Nataka kuwa mkweli hapa, maana mahali pengine sikuwa. Niliogopa fimbo ya Mama kwa ajili ya mapera. Lakini haikuwa hofu peke yake. Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho, tukishinda tunachukua taji, na mimi niliamini kwa moyo wangu wote wa miaka kumi kwamba Nyar Uriri akikaa mlangoni tutashindwa. Sikutaka awepo. Kwa hiyo nilisema, "Nyar Uriri."

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Walikuwa wameshakuwa na jibu kwa miezi miwili.

Asubuhi aliletwa mwanamke wa kutoa sihoho, mtaalamu aliyejulikana kijiji kizima. Alimlaza Oduor kwenye mkeka, akampaka mafuta tumboni, akasugua kwa jani akinong'ona. Mimi nilisimama nyuma ya Mama, nikijua kwamba sasa mbegu za mapera zitatoka na uongo wangu utaonekana. Mwanamke akakunjua jani. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeupe vya nyama ya samaki.

"Ameangaliwa," alisema. "Tena na mtu wa karibu."

Nilishusha pumzi. Mtoto wa miaka kumi alijua kwamba mtaalamu amedanganya, na alichohisi ni shukrani.

Oduor alipona siku hiyo hiyo, kama mapera mabichi yanavyopita kwa mtoto yeyote. Kupona kwake kukawa ushahidi. Mchana Nyar Uriri alipoingia jikoni, Mama alifunika sufuria. Wanawake wengine waliwaita watoto wao ndani. Baba Mdogo Otieno, ambaye alicheka kuliko wote siku ya ile penalti, alichukua sahani yake akaenda kula chumbani na kufunga mlango. Nyar Uriri alibaki uani. Alinitazama mara moja, mimi na si mwingine. Alasiri alifunga nguo zake katika shuka, akavaa ile fulana ya buluu, akaenda barabarani. Hakuna aliyemfukuza, na Baba hulisema hilo mpaka leo kana kwamba ni sifa. Dani peke yake ndiye aliyemsindikiza.

Jumamosi Wekundu walishinda kwa penalti ya dakika za mwisho. Kigoda kilikuwa kitupu. Baba alinibeba mabegani akazunguka boma lote akiimba, na watu walisema, mmoja baada ya mwingine, mmeona sasa? Mmeona? Niliimba nao. Nilikuwa na furaha kubwa, na hilo ndilo silisamehe.

Siku hizi nafanya kazi Migori. Mwaka jana shughuli ilinipeleka Uriri, nikiwa na binti yangu wa miaka minne, tukaingia hoteli ndogo karibu na soko kula chapati na maharagwe. Mwenye hoteli alituletea sahani, akanitazama kwa muda. Macho yalikuwa yale yale.

"Wewe si ni mtoto wa shemeji, wa Kisegi?"

Nilisema ndiyo. Aliniuliza habari za Dani, nikamwambia tulimzika zamani. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akavuta kigoda akaketi nasi. Nilikuwa nimemwona akiwahudumia wateja wengine, akiwatazama usoni, akitaniana nao. Lakini binti yangu alipoinua tonge la kwanza, Nyar Uriri aligeuza kigoda chake akautazama ukuta.

"Mama, tafadhali geuka," nilimwambia.

"Acha mtoto amalize kwanza," alisema, bila ukali.

Basi niliungama kwa mgongo wake. Nilimweleza mapera, fimbo ya Mama, mechi, vipande vya samaki kwenye jani. Aliendelea kuutazama ukuta.

"Hayo mapera niliwaona mkikula," alisema. "Nilikuwa naanika omena. Yenye imeiva ulikula wewe, mtoto ukampatia mabichi."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Ningesema nimeona na jicho gani? Hiyo hiyo walikuwa wanaogopa? Tena nilikuwa nangoja useme wewe. Mpaka nimefika barabarani bado nilikuwa nangoja."

Binti yangu alifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati. Nyar Uriri akauliza kama amemaliza, nikasema amemaliza, ndipo akageuka na kukusanya vyombo.

Baba ni mzee sasa, na ligi ikikaribia mwisho hunipigia simu kila wiki. Huwatukana Wabuluu kwa maneno yale yale, kisha hurudi kwenye mwaka ule wa taji. "Unakumbuka?" huniuliza. "Tulipotoa jicho nyumbani, tukashinda." Nimekuwa mtu mzima, nina mtoto, hakuna fimbo inayoningoja mahali popote. Hungoja jibu langu, nami kila mara humjibu, "Nakumbuka, Baba," na habari ya mapera bado sijamwambia.