Kusoma kwa Jicho la Prufu

Tarehe 9 Machi mwaka huu, msahihishaji wa kiwanda kimoja cha uchapaji alifeli kwa mara ya pili mtihani wa Kiingereza wa kuingilia masomo ya uzamili. Msamiati anao, muda ndio uliomwishia katikati ya kifungu. Chuo kinaruhusu majaribio matatu tu.

Kazini husoma prufu, nakala za kukaguliwa kabla ya kuchapwa, neno kwa neno, kalamu nyekundu mkononi, akiwinda makosa. Nyumbani, macho yamechoka, husoma vifungu vya mazoezi vilevile, huku mdogo wake akimshikia saa.

“Muda umekwisha, dada. Haya, mwandishi anasema nini?”

“Sijui. Ila aya ya pili imekosa koma.”

“Koma kakutuma nani? Wale hawachapishi kitabu, wanataka kujua umeelewa!”

“Mazoea yana tabu, mdogo wangu.”

Mdogo wake akamnyang’anya kalamu, akamwanzishia kifungu kingine. Safari hii dada mtu alifika mwisho na kujibu maswali yote, mengine kwa kubahatisha. Hakushangilia; aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

Kesho anarudi kwenye prufu. Jumamosi anafanya jaribio la mwisho.